Visiwa vya Ugiriki likizo ya Machi na Aprili: maswali ya wanafunzi wanaosoma Ulaya

Ukurasa huu ni wa mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayesoma Ulaya na anayetaka kwenda kisiwani na marafiki wiki ya likizo. Safari hizi huharibika kwa mambo mawili zaidi ya mengine: karatasi zisizokamilika, na kupanga Machi kana kwamba ni Julai. Ndiyo maana majibu ya karatasi na ya bahari ni marefu kuliko mengine.

Nina kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen. Nahitaji viza ya Ugiriki?

Huhitaji. Schengen ni eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao. Kibali halali cha ukaazi, au viza ya muda mrefu ya aina D ambayo haijaisha, pamoja na pasipoti, hukuruhusu kukaa katika nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Beba kadi yenyewe na pasipoti yenyewe. Picha kwenye simu haikubaliki kwenye kaunta ya ndege.

Mtego uko kwa wanaohuisha kibali. Kadi ya zamani imeisha, mpya haijatoka, na mkononi una stakabadhi ya maombi tu. Kila nchi ina stakabadhi za namna yake. Baadhi hukuruhusu kuendelea kuishi nchini humo bila kukuruhusu kuvuka kwenda nchi nyingine. Iandikie ofisi ya uhamiaji iliyokupa stakabadhi, uulize waziwazi kama inafaa kwa safari ya Ugiriki, na usubiri jibu la maandishi kabla ya kulipa nauli. Ukizuiwa mlangoni kwa sababu ya karatasi, nauli kwa kawaida hairudi.

Ndege za ndani ya Schengen mara nyingi hazina dirisha la uhamiaji, lakini shirika la ndege lina haki ya kukagua karatasi zako. Mashirika kadhaa ya bei nafuu humtaka abiria asiye raia wa Ulaya apite kaunta kuhakikiwa hata kama hana mzigo. Rafiki yako Mjerumani atapita moja kwa moja, wewe utapanga foleni. Fika saa mbili kabla.

Nasoma Uingereza. Je, kibali changu kinanitosha?

Hakikutoshi. Uingereza haimo Schengen, hivyo mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya muda mfupi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima ifidie angalau euro 30,000. Pasipoti iwe na miezi 3 au zaidi baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Kinachokwamisha wengi ni miadi: nafasi za Machi huanza kujaa Januari. Omba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukilala usiku 2 Roma na 5 Naxos, ombi ni la Ugiriki.

Vipi Cyprus?

Cyprus imo katika Umoja wa Ulaya lakini haimo Schengen, na masharti yake ya kuingia ni ya kwake. Ireland nayo ni hivyo hivyo. Usikate tiketi ya huko kwa kudhani ni sawa na kwenda Krete.

Machi au Aprili?

Kama ratiba ya chuo inaruhusu, chagua nusu ya pili ya Aprili. Machi mchana huwa nyuzi 15 hadi 17, usiku hushuka karibu na 10, na mvua bado zipo. Milima huwa ya kijani na yenye maua, jambo ambalo wanaokwenda Agosti hawalioni kabisa, kwa hiyo kwa mtu wa kutembea kwa miguu Machi ina faida yake. Ila mikahawa mingi ya ufukweni na hoteli za visiwa vidogo huwa zimefungwa, na mabasi ya kisiwani ni machache.

Jambo moja la fedha: kila malazi hutozwa tozo ya serikali kwa kila chumba au fleti, kwa kila usiku, na mara nyingi hulipwa unapofika. Fleti ya kupangisha kwa muda mfupi hutozwa euro 2 kuanzia Novemba hadi Machi, na euro 8 kuanzia Aprili hadi Oktoba. Hoteli ya nyota moja au mbili hutozwa euro 2 msimu wa Aprili hadi Oktoba. Kwa watu wanne kwenye fleti moja si mzigo. Kwa wawili wanaolala siku 7 Aprili, euro 56 zinaonekana.

Pasaka yao ni lini, na inabadilisha nini?

Inabadilisha karibu kila kitu. Wagiriki husherehekea Pasaka ya Kiorthodoksi, ambayo mara nyingi haiangukii siku moja na Pasaka ya Wakatoliki na Waprotestanti. Mwaka 2026 yao ni 12 Aprili, wiki moja baada ya nyingine. Mwaka 2027 ni 2 Mei, wakati ile ya Magharibi ni 28 Machi. Mwaka 2028 zote mbili ni 16 Aprili.

Wiki hiyo Athens huhamia visiwani. Meli hujaa kuanzia Alhamisi Kuu, na kurudi hujaa Jumatatu na Jumanne. Maeneo ya kale hufungwa siku ya Pasaka yenyewe, na Ijumaa Kuu hufunguliwa adhuhuri. Corfu ndiyo maarufu kuliko vyote: Jumamosi Kuu asubuhi watu hutupa mitungi ya udongo kutoka madirishani, na vyumba huisha mapema mno. Ukitaka kuona sherehe, panga mapema. Ukitaka utulivu na bei nafuu, epuka wiki hiyo yote.

Tia alama pia 25 Machi, sikukuu ya taifa, na 1 Mei. Siku hizo mbili makumbusho na maeneo ya kale hufungwa, na 1 Mei mabaharia mara nyingi hugoma kwa saa 24.

Twende kisiwa kipi?

Chagua kisiwa ambacho watu wanaishi mwaka mzima. Hicho ndicho kipimo cha kwanza kwa Machi na Aprili, kabla ya picha na kabla ya ufukwe.

*Krete* ndiyo salama kuliko zote. Ni kubwa, ina viwanja vya ndege Heraklion na Chania vinavyofanya kazi mwaka mzima, ina vyuo vikuu, na mabasi ya KTEL huunganisha miji ya kaskazini kutwa nzima. Chania, Rethymno na Heraklion ni miji hai, haingoji mtalii ndipo iamke. Knossos, magofu ya jumba la kale, iko kilomita 5 kutoka Heraklion na basi la mjini hufika. Angalizo: korongo la Samaria, ile njia ya kilomita 16 ambayo kila mtu huiweka kwenye orodha, kwa kawaida hufunguliwa mwanzoni mwa Mei. Kila mwaka kuna vikundi vinavyopanga safari nzima kwa ajili yake na kukuta lango limefungwa.

*Naxos* inafaa kikundi chenye siku 4 au 5. Bandari iko mjini penyewe, unashuka melini na kutembea hadi chumbani. Kuna vijiji vya bara kama Chalki, Filoti na Apeiranthos, na mlima Zas wenye mita 1,004, mrefu kuliko yote katika Cyclades, kundi la visiwa kusini-mashariki mwa Athens.

*Syros* husahaulika bila sababu nzuri. Mji wake wa Ermoupoli ni makao makuu ya Cyclades, una ofisi, shule na mikahawa ya wenyeji, na kisiwa kiko karibu zaidi na Piraeus, bandari ya Athens, kuliko ilivyo Naxos.

*Santorini* ni nzuri Aprili kwa sababu njia ya Fira hadi Oia, kilomita 10 hivi juu ya ukingo wa kaldera (shimo kubwa lililoachwa na volkano), hutembeka bila jua la kuchoma. Tenga saa 3 hadi 5. Usiku 2 zinatosha. Mahali pa kulala palipo mbali na ukingo, kama Karterados, huwa nafuu, na Fira unaifikia kwa miguu.

Tunafikaje bandarini kutoka uwanja wa ndege wa Athens?

Metro ya njia namba 3 hutoka uwanja wa ndege hadi Piraeus bila kubadilisha, takriban saa nzima. Tiketi ya uwanja wa ndege ni tofauti na ya kawaida ya mjini, na ukikamatwa na ya mjini ni faini. Usiku metro ikifungwa kuna basi la X96, linalotembea saa 24.

Piraeus ni bandari kubwa yenye malango ya E1 hadi E12. Meli za Cyclades kwa kawaida huondokea upande wa E6 na E7, karibu na kituo cha metro. Lango la E1 liko mbali, zaidi ya kilomita 2, na mtu mwenye begi anayekimbia huko dakika 15 kabla ya meli huikosa. Soma lango kwenye tiketi jioni ya kuamkia safari, kisha asubuhi soma tena ujumbe wa simu.

Meli ya kawaida au boti ya kasi?

Meli ya kawaida, isipokuwa muna haraka ya kweli. Piraeus hadi Paros ni saa 4 na kidogo, Naxos saa 5 na kidogo, Santorini karibu saa 8. Boti ya kasi hupunguza saa mbili au tatu za Santorini kwa nauli ya juu sana. Kisha inayumba zaidi, haina sitaha ya kusimama nje, na ndiyo ya kwanza kuzuiwa upepo ukizidi. Nyingi hata hazijaanza safari Machi.

Tiketi ya daraja la chini haina kiti maalumu. Ingieni mapema, mkae katikati ya meli, sakafu ya chini, ambako mtikisiko ni mdogo. Dawa ya kichefuchefu humezwa nusu saa hadi saa nzima kabla ya kuondoka. Ukishaanza kutapika haisaidii tena.

Ratiba ya Aprili mara nyingi huwa haijakamilika Januari, kwa sababu meli hupelekwa matengenezo kwa zamu wakati wa baridi. Ukiona safari moja tu kwa siku, angalia tena baada ya wiki mbili tatu. Uliza pia punguzo la mwanafunzi kabla ya kulipa, kwa maana kila kampuni ina masharti yake, na jina kwenye tiketi liwe kama lilivyo kwenye pasipoti.

Upepo ukizuia meli tufanye nini?

Mamlaka ya bandari hutoa zuio, na nahodha hana ruhusa ya kubishana nalo. Upepo ukifika 8 kwa kipimo cha Beaufort, meli za kawaida kwa jumla hubaki gatini. Boti za kasi husimamishwa kabla ya hapo. Ule upepo maarufu wa kaskazini, meltemi, ni wa Julai na Agosti. Machi na Aprili dhoruba hupita kwa siku moja au mbili, na mara nyingine upepo wa kusini huja na vumbi la Sahara, kama ilivyokuwa Aprili 2024 anga la Athens lilipogeuka rangi ya chungwa.

Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 1177 ya mwaka 2010 inakupa uchaguzi safari ikifutwa: kurudishiwa nauli au kupelekwa kwa safari nyingine bila kuongeza hela. Kampuni hulipia malazi hadi usiku 3, euro 80 kwa usiku, lakini jukumu hilo la malazi linaondoka kama sababu ni hali ya hewa inayohatarisha usalama. Maana yake ni kwamba upepo ukikushika, kitanda ni cha mfuko wako.

Kwa hiyo kanuni ni moja: usiku wa mwisho lala upande uliko uwanja wa ndege utakaokurudisha. Kama ndege inaondoka Athens Jumapili, muwe Athens Jumamosi. Kupanga meli ya asubuhi na ndege ya jioni siku hiyo hiyo ni kamari. Meli iliyochelewa haikupi haki yoyote kwa shirika la ndege ulilokata tiketi kando.

Mpangilio wa siku 7 unaofanya kazi: siku ya 1 mnafika Athens na kulala Piraeus. Siku ya 2 meli ya saa 1:30 asubuhi (kwenye tiketi 07:30) hadi Naxos, usiku 3. Siku ya 5 Santorini, kiasi cha saa 2 baharini, usiku 1. Siku ya 6 mnarudi Athens, siku ya 7 mnaondoka. Mkitabiriwa dhoruba, futeni Santorini na mrudi Athens mapema kutoka Naxos.

Kushuka melini kukoje?

Kwa haraka kuliko unavyodhani. Kisiwa cha katikati ya njia meli husimama dakika chache tu. Mizigo huachwa chini kwenye gereji ya magari, katika rafu zilizoandikwa majina ya visiwa. Begi lako la Naxos liweke rafu ya Naxos, si penye nafasi. Tangazo likitolewa, shukeni gereji mara moja. Mtasimama kati ya malori na harufu ya dizeli, minyororo ikigonga sakafu ya chuma, huku mlango wa nyuma ukianza kuteremka kabla meli haijatulia. Ukigusa tu gati, watu hutembea. Aliyebaki juu akitafuta chaja ataiona Naxos kwa mbali akielekea Santorini.

Santorini, meli hufika Athinios, chini ya jabali. Basi la kwenda Fira husubiri meli kubwa. Muwe na sarafu, kwa sababu kwenye mabasi ya visiwani pesa taslimu ndizo zinazoeleweka.

Tuulize nini kabla ya kulipia nyumba?

Joto. Nyumba za mawe za visiwani zimejengwa kupambana na kiangazi, na zikikaa tupu Desemba hadi Machi kuta hunyonya unyevu, shuka huwa baridi kama zimetoka kufuliwa. Uliza: kuna kiyoyozi kinachotoa joto katika kila chumba cha kulala, au sebuleni pekee? Umeme umo kwenye bei?

Maji ya moto hutoka kwenye tangi la juani paani. Siku ya mawingu tangi huwa vuguvugu, na hapo unawasha swichi ya hita, mara nyingi kwenye sanduku la umeme karibu na mlango, ikiwa na taa ndogo nyekundu. Washa dakika 20 hadi 30, zima, kisha oga. Tangi la kawaida halitoshi watu wanne mfululizo, hivyo wawili waoge usiku, wawili asubuhi.

Karatasi ya chooni hutupwa kwenye pipa dogo lililo kando, haiendi na maji. Mabomba ni membamba na huziba. Na Santorini maji ya bomba si ya kunywa. Nunueni chupa kubwa.

Tukodi skuta au pikipiki ya magurudumu manne?

Leseni ya gari peke yake kwa kawaida haikuruhusu kuendesha skuta. Unahitaji daraja la pikipiki, na kwa leseni ya Afrika Mashariki unahitaji pia leseni ya kimataifa ya udereva, inayotolewa katika nchi iliyokupa leseni. Ukiwa Ulaya tayari umechelewa, labda aliye nyumbani akusaidie kama utaratibu wa huko unaruhusu. Wapo wakodishaji wanaokupa ufunguo bila kuuliza. Tatizo linakuja baada ya ajali: bima hukataa kulipa, na gharama ya chombo, matibabu na fidia ya mtu mwingine inabaki kwako. Barabara zina kokoto kwenye kona na mvua huzifanya utelezi. Mkiwa wanne, gari dogo ni salama na mara nyingi ni rahisi zaidi kwa kila kichwa. Fahamuni tu kwamba wakodishaji wengi hutaka dereva wa miaka 21 au 23 na kuendelea, huongeza bei kwa walio chini ya 25, na hutaka amana kwenye kadi ya mkopo.

Tutaogelea?

Mkiweza kuvumilia. Bahari ya Machi ina nyuzi 15 hadi 16, Aprili 16 hadi 17. Mtu aliyezoea maji ya Mombasa au Unguja hushikwa na mshtuko wa pumzi dakika ya kwanza, na hiyo dakika ndiyo huzamisha. Ingia polepole, mahali unapokanyaga chini, na usiwe peke yako. Walinzi wa ufukweni hawajaanza kazi msimu huo.

Santorini na matetemeko?

Mwezi wa Januari na Februari 2025 kulikuwa na mfululizo wa matetemeko kati ya Santorini na Amorgos, na maelfu ya watu waliondoka kisiwani. Ni eneo la volkano hai, na hilo ni la kudumu. Acha tahadhari za dharura zikiwa zimewashwa kwenye simu. Ardhi ikitikisika, jikinge chini ya meza, kisha kaa mbali na kingo za kaldera na miamba inayoporomoka. Namba ya dharura ni 112.

Tusiokula nyama isiyo ya halali tutakula nini?

Nyama ya halali ni shida kwenye visiwa vya Cyclades. Samaki wapo, na kwa kuwa Wagiriki wenyewe hufunga kabla ya Pasaka, mikahawa wakati huo hupika sana vyakula visivyo na nyama: maharage makubwa ya tanuri, mboga za majani za kuchemsha, na fava ya Santorini, kunde za njano zilizopondwa na mafuta ya zeituni. Uliza kama mchuzi umetiwa divai.

Hela za kikundi zishikwe vipi?

Kabla ya kulipa chochote, kila mmoja aseme kiwango chake cha juu kwa siku, na mpango ufuate aliye na kiwango cha chini. Aliyeweka nyumba kwa kadi yake alipwe na wote kabla ya tarehe ya mwisho ya kufuta bila hasara, maana baada ya hapo deni ni lake peke yake. Mkifika, changeni kiasi sawa kwenye mfuko mmoja wa basi, soko na maji, ashike mtu mmoja na kuandika. Mashine za pesa zikikuuliza utozwe kwa euro au kwa sarafu ya nyumbani, chagua euro.

Bima ya chuo inatosha?

Kama umo kwenye bima ya afya ya umma ya nchi ya Umoja wa Ulaya, omba kadi ya Ulaya ya bima ya afya. Mara nyingi imo nyuma ya kadi uliyonayo tayari. Inakufikisha hospitali ya serikali kwa masharti ya Wagiriki. Zahanati za binafsi na usafiri wa kukurudisha haimo. Mwenye bima ya kampuni binafsi asome kama inavuka mpaka.

Saa zao zikoje?

Ugiriki iko saa moja mbele ya Ujerumani, Italia na Ufaransa, na saa mbili mbele ya Uingereza. Jumapili ya mwisho ya Machi, saa 9 usiku huruka kuwa saa 10. Kuanzia hapo hadi Oktoba saa za Ugiriki ni sawa na za Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo kupiga simu nyumbani hakuhitaji hesabu. Simu hujibadilisha yenyewe, saa ya mkononi haijibadilishi. Mkiwa na meli asubuhi ya Jumapili hiyo, tegeni kengele mbili, kwenye simu mbili tofauti.